Tusiyasingizie Maua ya Mashamba

Kuna hoja moja inayozunguka mimbarini na katika semina za vijana, nasi tumechoka kuisikia. Husemwa hivi: Darwin mwenyewe alikiri kwamba maua yalimshinda, basi nadharia yake ilianguka palepale, na Mungu akathibitika. Watu huitikia "Amina", kwaya huimba, na kijana wa kidato cha sita anayesoma baiolojia hurudi nyumbani akijiuliza nani anamdanganya, mwalimu wake au mchungaji wake.

Sisi ni washirika, na baadhi yetu hufundisha sayansi siku za juma na Shule ya Jumapili siku ya Bwana. Tunasema wazi kwamba hoja hiyo si ya kweli, na Mungu wa kweli hatetewi kwa uongo.

Alichomwandikia Darwin rafiki yake Joseph Hooker mwezi wa Julai 1879 ni kwamba kasi ambayo mimea ya maua ilitokea na kuenea katika matabaka ya mawe ilikuwa fumbo la kuchukiza. Kilichomsumbua ni ile kasi. Hakusema kwamba maua hayana nasaba. Alikisia hata kwamba huenda yalianza polepole katika nchi fulani ya kusini ambayo mabaki yake hayajaonekana. Kumnukuu mtu nusu ili aseme asichosema ni kumshuhudia uongo, hata kama mtu huyo si wa kanisa letu.

Tangu hapo mengi yamefukuliwa. Huko Ureno, Else Marie Friis na wenzake walichekecha udongo wa kale na kupata maua yaliyogeuka makaa, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100. Mengi ni madogo kuliko punje ya mchele, lakini chini ya hadubini stameni zake zinahesabika. Sasa tunauliza: mhubiri aliyemweka Mungu ndani ya pengo la mwaka 1879 atamhamishia wapi?

Mwaka 1999 wachunguzi kadhaa, kila kundi kwa njia yake, walilinganisha jeni za mimea mingi wakafikia jibu lilelile. Tawi la kwanza kujitenga katika ukoo wa maua yaliyo hai leo ni kichaka kiitwacho Amborella, kinachoota katika kisiwa kimoja tu cha Kaledonia Mpya, baharini Pasifiki. Linalofuata ni tawi la yungiyungi, lile lile tunaloliona kwenye maziwa na madimbwi yetu. Kisha kuna kundi dogo lenye anisi ya nyota.

Ua la Amborella ni dogo, rangi ya maziwa. Huwezi kutenga sepali na petali. Majani yake ya ua yamepangwa kwa mzunguko kama ngazi ya mnara. Ua la kiume liko kwenye mmea wake na la kike kwenye wake. Kinachotushangaza zaidi ni kikapu cha mbegu. Katika maua mengi tuyajuayo kingo zake zimeshonana kabisa, lakini hapa zimezibwa kwa utomvu tu. Yungiyungi nalo lina desturi yake. Siku ya kwanza ua huwa la kike, na katikati yake hujaa maji. Mdudu aliyebeba chavua huteleza humo, na wakati mwingine hufa maji. Siku ya pili ua hilohilo hutoa chavua.

Hapa tuwaonye na wale wa upande wa pili, wanaosema Amborella ndiyo ua la kwanza na bibi wa maua yote. Sivyo. Amborella ni ndugu: imeishi miaka mingi sawasawa na mwarobaini au mahindi, ila ilitoka nyumbani mapema. Na anayetuambia kwamba kujua ukoo wa ua kumemfuta Muumba ameacha sayansi na kuanza kuhubiri. Ajue tu kwamba anahubiri.

Wengine wanatuuliza, na Mwanzo sura ya kwanza je? Tuisome vizuri. Mungu anaiamuru nchi itoe mimea. Nchi inapewa kazi, nayo inaifanya. Andiko halisemi kwa hatua zipi wala kwa muda gani. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alifundisha zaidi ya miaka 1,500 iliyopita kwamba Mungu aliweka katika uumbaji mambo mithili ya mbegu, yaje kufunuka kwa wakati wake. Huyohuyo aliwakemea Wakristo wanaosema upuuzi juu ya mambo ya asili mbele ya watu wanaoyajua, kwa sababu baadaye hawataaminiwa hata wakinena habari za ufufuo. Na Bwana alipowaambia wanafunzi wayatazame maua ya mashamba, neno la Kigiriki katika Mathayo 6:28 lina maana ya kujifunza kwa makini.

Huku tukibishana, kule Mashyuza, kusini magharibi mwa Rwanda, yungiyungi dogo kuliko yote duniani lilikuwa likiangamia. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu, nalo liliota kwenye tope kando ya chemchemi ya maji moto. Maji yalitumiwa kupita kiasi, tope likakauka, na kufikia 2008 halikuonekana tena porini. Lililobaki lilitunzwa Ujerumani, kisha Uingereza katika bustani ya Kew, ambako Carlos Magdalena aligundua jinsi ya kulikuza. (Mwaka 2014 mwizi aliingia akaondoka na mche mmoja.) Jeni zake zimesomwa zote, na wanaochunguza asili ya maua wanalitegemea. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba limeonekana tena Rwanda. Hatukusikia mtu akishukuru kwa hilo katika ibada.