TAJIRI AKATE, TAJIRI AWEKE, NASI TUITWE WADENI?

Ndugu Wafanyakazi,

Wazee wetu walibeba kipande. Katika miaka ya 1920 na 1930 mwanamume Mwafrika hapa Kenya hakuweza kutembea bila hicho kipande, na wengi walikitia katika kibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni. Tajiri aliandika humo siku ya kuingia kazini, mshahara, na siku ya kutoka. Asipotia sahihi yake, mtu hakupata kazi kwingine. Neno la tajiri liliandikwa. Neno la mfanyakazi halikuwa na mahali.

Kipande kilikwisha. Lakini leo liko daftari lingine, ambalo hatulivai shingoni na wengi wetu hatujaliona kwa macho. Ni daftari la CRB. Mashirika yenye leseni ya Benki Kuu hupokea habari za mikopo yetu kutoka kwa benki na SACCO, kisha huwaambia wakopeshaji wengine kama sisi ni watu wa kuaminiwa. Tena siku hizi hata anayetafuta kazi huambiwa alete cheti cha CRB. Asiye na kazi alipe deni kwa nini, na mwenye deni apate kazi wapi?

Hatusemi madeni yasilipwe. Aliyekopa alipe. Tunalosema ni hili: mtu asiandikwe mdeni kwa kosa la mwingine.

Tazameni jambo linalowapata wenzetu. Mfanyakazi anakopa kwa mkataba kwamba mkopo utakatwa kwenye mshahara. Kila mwisho wa mwezi tajiri anakata, na hati ya mshahara inaonyesha wazi. Lakini fedha hazifiki benki. Miezi inapita, mkopo unahesabiwa kuwa haulipwi, na jina linalopelekwa CRB ni la mfanyakazi. Aliyezikalia fedha jina lake ni safi! Siku mtoto anapohitaji karo, mzazi ananyimwa mkopo na kutazamwa kama mwizi.

Sheria ya Ajira ya 2007 imekataza mchezo huu. Tajiri aliyekata fedha kwa ombi la mfanyakazi na asizifikishe panapostahili ana kosa, na adhabu yake ni faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Sheria iko. Ni nani aliyemwona tajiri kizimbani?

Makosa mengine yako pia: mkopo uliokwisha lipwa kuonyeshwa bado uko, au deni la mtu mwingine kubandikwa kwako. Basi jueni haki zenu. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo zinazomdhuru. Kila mwaka una haki ya kupewa ripoti yako mara moja bila malipo. Mkopeshaji yampasa akupe ilani ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako kwa ubaya. Na tangu 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kukuchafulia jina.

Fanyeni hivi. Chukueni ripoti sasa, msingoje siku ya shida. Ilinganisheni na hati zenu za mshahara, mwezi kwa mwezi. Mkiona kosa, andikeni barua kwa mkopeshaji na kwa shirika la CRB, mkaambatishe nakala za hati, na nakala ya barua yenyewe igongwe muhuri mbaki nayo. Maneno ya mdomo kaunta si ushahidi. Wakikaa kimya, pelekeni malalamiko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Tena angalieni mtego mmoja. Habari mbaya hukaa daftarini miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa. Kwa hiyo wakikwambia, "Tumeandika umelipa," usikubali upesi. Kama hukuwa na kosa tangu mwanzo, dai kosa lenyewe lifutwe, si kuandikwa kwamba ulichelewa ukalipa.

Chama kinadai mambo matatu. Kwanza, tajiri anayekata na kuzuia fedha ashtakiwe. Pili, benki iulize hati ya mshahara kabla ya kupeleka jina la mtu anayekatwa kazini. Tatu, cheti cha CRB kisifanywe mlango wa kuingilia kazini.

Husemwa mnyonge hana haki. Mnyonge asiye na haki ni yule anayekwenda peke yake. Leteni hati zenu kwa katibu wa tawi. Barua moja hutupwa kapuni. Barua za kiwanda kizima, tajiri hatapata kapu la kuzitosha.

Ni sisi,
Halmashauri ya Tawi