Visiki tisa na mama mwenzetu



Siku ya posho iliyopita tulikuwa mama kumi na mmoja kwenye msitu wetu mdogo, barabara ya zamani ya Buta, kupalilia kama kila juma. Upande wa kijito tukakuta visiki tisa vya akasia, vimekatwa kwa panga. Kabla hatujauliza, mmoja wetu akasema: «Ni mimi.» Mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa deni la masomo, naye alitaka kuchoma makala apate feza.

Wengine wakasema atoke katika kundi. Tukakaa chini, tukasemezana. Nani kati yetu hapiki kwa makala? Na mama huyu alikuwa ametuomba tusogeze mbele zamu yake ya likelemba, tukamwambia angoje. Tulilinda zamu, tukapoteza miti.

Hata hivyo kosa ni kosa. Akasia tuliipanda kwa ajili ya kuni na makala, ili tusikate msitu mkubwa unaotupa mbinzo, fumbwa na majani ya ngongo ya kufungia liboke. Huko Yangambi, kilomita 100 hivi ukifuata mto, wamepanda akasia kwa sababu hiyo hiyo. Inakua mbio, inarudishia udongo nguvu, na miaka ya kwanza mihogo inaota katikati yake. Lakini mti ukikatwa ungali mchanga, makala yake ni kidogo, na mahali pake majani marefu yanarudi upesi.

Kule Kenya, Wangari Maathai alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na mama wa vijijini mwaka wa 1977. Mama walipewa feza kidogo kwa kila mche uliobaki hai, si kwa kila mche uliopandwa. Hesabu yetu pia iwe hiyo. Kupanda ni asubuhi moja tu. Kupalilia na kulinda ni miaka.

Basi tumekata shauri hivi. Mama mwenzetu anabaki. Atapanda miche tisa, na atailinda mpaka ipite urefu wa majani; sisi tutapalilia naye. Mti wowote hautakatwa kabla kundi zima halijakubali. Na likelemba itakuwa na mfuko mdogo pembeni, kwa ajili ya mama aliyepatwa na shida ya masomo au ya ugonjwa. Kila mmoja ataweka kadiri ya uwezo wake.

Siku ya posho hii tunakutana saa moja asubuhi. Leteni jembe, panga na maji ya kunywa. Mama wenye mimba na wenye watoto wachanga watamwagilia miche kivulini.

Na ukiwa na shida, mama, sema mapema. Sisi nasi tumejifunza kusikiliza mapema.