Askari Aliyehamishiwa Mwakiro

Amri ya uhamisho haimwulizi askari kama mwanawe ameachishwa ziwa. Leo yupo Gitega, makao makuu ya siasa tangu mwaka 2019. Kesho aambiwa aende Mwakiro, upande wa Muyinga.

Wengi wetu huuliza kwanza kodi ya nyumba. Twakosea. Kodi hujulikana siku ile ile. Umbali wa maji huujua mke baada ya juma zima, ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Ndugu askari, tangulia peke yako, tena wakati wa masika, uone kama njia ya zahanati yapitika usiku. Tangu mwaka 2006 watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya Serikali, lakini malaria haingoji tope likauke. Njia isipopitika, waache Gitega kwanza, si aibu.

Usimwulize dalali, muulize mama jirani. Naye ana swali lake: sare hii yaja kwa heri? Katika nchi iliyoingia vitani mwaka 1993, ana haki ya kuuliza. Mkeo atalijibu kisimani kabla yako.