Ngitili si Pori la Kugawana

Hapa chuoni tukizungumzia misitu, mifano ni Usambara, Udzungwa, au Amazon kabisa. Simiyu ikitajwa ni pamba na ng'ombe, basi. Mimi ni wa Bariadi, nasoma ualimu, na naomba nafasi hii niseme habari ya ngitili, maana zinaisha huku tunaangalia.

Ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo Msukuma analifunga mvua zikianza, halafu analifungua kiangazi kikikolea, wakati huko nje ng'ombe wanalamba vumbi. Zipo za kaya, zipo za kijiji. Humo zinatoka kuni, nyasi za kuezekea, dawa, asali, uyoga. Hakuna mradi uliotuletea. Zilikuwepo, zikavunjwa: mkoloni alifyeka miti ili kuua mbung'o, pamba ikapanuka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. (Sisi tulikuwa bado Shinyanga, Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012.) Mradi ulipofungwa 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Wataalamu walikubali kuwasikiliza wazee, na ulinzi ukabaki kwa dagashida na sungusungu badala ya kumwachia bwana misitu peke yake. Mwaka 2002 HASHI ilipata hata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hotuba nyingi huishia hapo, watu wanapiga makofi. Lakini ngitili ya kaya ni mali ya mzee, na mzee hufa.

Baba yetu aliacha ngitili ya ekari kumi na mbili. Kaka zangu wako wanne, na hesabu yao ni nyepesi: ekari tatu kila mmoja, fyeka, panda pamba na dengu. Siwaoni wajinga hata kidogo. Kijana asiye na ng'ombe anafanya nini na nyasi? Ngitili humnufaisha zaidi mwenye mifugo mingi. Asiye nayo anaishia kutozwa faini akikutwa anakata mti. Watetezi wa mazingira hawapendi kulisema hili, ila vijana wa kijijini wanalijua vizuri sana.

Ila hesabu ya kaka zangu ina watu imewaruka. Utafiti wa IUCN uliochapishwa 2005 ulikadiria kwamba vitu vinavyotoka kwenye ngitili vilikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Hela hiyo haionekani kwa sababu haipiti kwenye simu. Inapita kichwani kwa mama, kwenye mzigo wa kuni. Ikifyekwa, mama ataanza kununua mkaa, na huo mkaa, jamani, nani atatuma hela? Pamba ya ekari tatu?

Kwenye kikao cha ukoo, mimi na dada tulikuwa wa kupika chai. Baba mdogo alisema ndiyo mila. Sawa, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Sheria hiyo hiyo inaruhusu hatimiliki ya kimila kumilikiwa kwa pamoja. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Mbulu, walipata ya kwao ya jamii mwaka 2011, na wanaishi kwa mizizi, asali na mawindo katika ardhi ambayo majirani walikuwa wanaimega kila mwaka. Kama wao waliweza, familia ya watu saba Bariadi inashindwaje?

Ninachotaka ni kwamba ngitili irithiwe ikiwa nzima, majina ya wote yawe kwenye hati, mabinti wakiwemo, na nyasi za kiangazi zikodishwe kwa wenye ng'ombe, hela igawanywe sawa. Kaka zangu hapo ndipo wataona faida.

Wenzangu wa sheria mnaokwenda vijijini likizo kutoa msaada wa kisheria, pitieni na Simiyu. Njooni kabla ya Novemba, maana mvua zikianza mashoka yatakuwa yameshapita.