Mlinzi wa Kura Asiketi Mezani

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kauli hii yafaa kukumbukwa kila panapojadiliwa nafasi ya asasi za kiraia katika kulinda demokrasia, hasa katika nchi ambamo kura hufuata mipaka ya maeneo. Malawi ni mfano mwafaka.

Katika uchaguzi wa 1994, eneo la Kaskazini lilimuunga mkono Chakufwa Chihana, Kati likamshikilia Kamuzu Banda, nalo la Kusini likampa Bakili Muluzi ushindi. Hata hivyo, mlango wa uchaguzi huo haukufunguliwa na ngome ya mwanasiasa yeyote. Waraka wa maaskofu wa Kikatoliki uliosomwa makanisani Machi 1992 ndio uliovunja kimya. Kisha viongozi wa Kikristo, wa Kiislamu na mawakili wakaungana kudai mageuzi, hadi wananchi wakaukataa mfumo wa chama kimoja katika kura ya maoni ya Juni 1993.

Ujasiri huo ulijitokeza tena baada ya uchaguzi wa Mei 2019, ambao baadhi ya fomu zake za matokeo zilikutwa zimefutwa kwa wino mweupe. Wapinzani walikwenda mahakamani, nao watetezi wa haki za binadamu wakaongoza maandamano kwa miezi mingi. Tarehe 3 Februari 2020 mahakama iliubatilisha ushindi wa Peter Mutharika, na uchaguzi wa marudio wa Juni ukamwingiza Lazarus Chakwera mamlakani.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Timothy Mtambo, aliyekuwa kinara wa maandamano hayo, aliteuliwa waziri mwaka huohuo. Kenya yaijua hali hii: baada ya ushindi wa Narc mwaka 2002, wanaharakati wengi walihamia serikalini, na sauti ya asasi zao ikafifia.

Wapo watakaodai kwamba aliyepigania mabadiliko ana haki ya kuyatekeleza. Haki hiyo anayo. Lakini palipo na mgawanyiko wa kimaeneo, uteuzi mmoja hutosha kumshawishi aliyeshindwa kwamba mwamuzi alikuwa mchezaji. Asasi hazina budi kuwawekea viongozi wao kipindi cha kusubiri kabla ya kupokea vyeo.

Septemba 2025, Wamalawi walimwondoa Chakwera kwa kura na kumrejesha Mutharika. Kumbe kilichotetewa mwaka 2020 hakikuwa mtu, bali kura yenyewe. Nayo kura huhitaji mlinzi hata baada ya karamu ya ushindi kuandaliwa.