Swichi nyekundu si pambo

Tangu kile kipindi cha karakana za nyumbani mmenitumia picha nyingi za mashine zenu za CNC za kuchongea mbao. Nyingine ziko gereji, nyingine chumba cha kulala, jamani. Kazi zenyewe safi. Ila nina ugomvi na jambo moja: waya za swichi nyekundu ya dharura wengi wenu mmezipeleka kwenye bodi ya kontrola tu, basi. Hapo mmeweka kitufe cha kuomba.

Tuanze na draiva ya mota ya stepa, zile za aina ya DM542 ambazo karibu wote mnanunua. Ina jozi tatu za kupokelea ishara. PUL inapokea mapigo ya umeme kutoka kontrola, na kila pigo ni hatua moja. Mota ya nyuzi 1.8 inamaliza mzunguko kwa hatua 200. Ukigawa kila hatua mara 16, yanakuwa mapigo 3,200. DIR inasema izunguke upande gani. Ya tatu ni ENA, na hapo ndipo penye mtihani.

Mjomba wangu fundi seremala yuko Tanga, na nilikuwa namwelekeza kwa voisi za WhatsApp. Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama, kwa hiyo ENA nikaiita waya wa ruhusa. Nikamweleza kwamba ukiiacha bila kuiunganisha, draiva inafanya kazi; ukiipa umeme, mota inalegea. Akanirudishia voisi: “Sasa mpwa wangu, huu si waya wa ruhusa, huu ni wa kukataza. Yaani asipokatazwa anaendelea?”

Anaendelea, mjomba. Tena fikiria skrubu ya waya huo imelegea kwa mtikisiko. Unabonyeza swichi nyekundu, kontrola inapata habari, inatuma katazo, na katazo halifiki. Au kontrola yenyewe imeganda, haisikii chochote. Na kisu cha kukatia, ambacho kinaweza kuzunguka mara 24,000 kwa dakika, hakihusiani kabisa na ENA. Vidole vyako viko hapo.

Viwandani kanuni iko wazi. IEC 60204-1 inaita “daraja 0” kusimamisha mashine kwa kuukata umeme wa mota papo hapo. Nyumbani inawezekana kwa kontakta moja. Tumia swichi ambayo mguso wake umefungwa muda wote, uuunganishe kwa mfululizo na koili ya kontakta ya volti 24. Kontakta ndiyo ipitishe umeme wa saplai ya draiva na wa mota ya kisu. Waya wa swichi ukikatika popote, kontakta inaachia yenyewe. Weka na kitufe cha kuwashia, ili kuirudisha swichi kusiiamshe mashine ghafla. Mguso wa pili wa swichi, sawa, upeleke kwenye kontrola, ijue kwamba imesimamishwa. Upande wa umeme wa ukutani, kama hujasomea, muite fundi umeme.

Usikate kati ya draiva na mota. Kufungua waya za mota zikiwa na umeme kunaweza kuiua draiva. Na ujue kisu hakigandi palepale, kitazunguka kidogo. Kichwa kizito nacho kinaweza kushuka umeme ukikatika, kiwekee springi au breki.

Kuna mwenzetu amenijibu kwamba ukikata umeme hivyo kazi inaharibika, mashine inasahau ilipofikia. Kweli inasahau. Ubao utautupa. Kama unataka kupumzisha kazi tu, kuna kitufe cha kusitisha kwenye programu, kitumie hicho.

Ukimaliza, toa kisu, iache mashine itembee hewani, halafu chomoa waya mmoja wa ile saketi ya volti 24 ya swichi. Isiposimama, usiweke ubao.