Wazee Wetu wa Vita na Karatasi ya Daktari



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala chanjo. Hayo tumeyaandika sana, na mvua zikianza tutayaandika tena. Tunataka kuzungumza juu ya karatasi: ile anayotoka nayo mzee hospitalini baada ya kupimwa ili madai yake ya ulemavu yaangaliwe.

Hapa Igalula na katika vigango vyake wazee waliokwenda Vita vya Kagera bado wapo. Wengine walikuwa askari wa JWTZ, wengine mgambo waliotoka jembeni. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile Mwalimu alipolitangazia taifa vita, tarehe 2 Novemba 1978, leo amekwisha kupita miaka 65. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka waliokufa. Waliorudi hai na masikio yasiyosikia, magoti yasiyokunjika na usingizi usiokuja, hao wanatujia sisi wauguzi na bahasha mkononi, wakisema, "Mwanangu, hebu nisomee, wameandika nini humu?"

Tunasoma. Na mara nyingi tunachokikuta humo hakilingani na mzee aliyeketi mbele yetu.

Maoni yetu ni haya: mzee hashindwi madai kwa kukosa ulemavu tu. Hushindwa pia kwa sababu karatasi haikuandikwa yale aliyonayo, na hakuna mtu nyumbani aliyeisoma mapema ili kulitambua hilo. Ofisi inayoamua haimwoni mzee. Inaiona karatasi.

Karatasi hiyo, iwe ya jeshi, ya bima au ya kazini, hujibu maswali mawili. La kwanza: mtu huyu amepungukiwa kiasi gani? La pili: upungufu huo umetokana na nini? Familia nyingi hulitazama la kwanza tu. Wanaona goti limeharibika, wanadhani yamekwisha. Lakini goti lililoharibika laweza kuwa la vita, la kulima tumbaku miaka 30, la kuanguka baiskeli au la uzee. Kama daktari hakuandika lolote juu ya chanzo, ofisi haitamwandikia.

Tuanze pale tunapoona hasara kubwa zaidi, nayo ni salamu. Daktari anauliza, "Hujambo, mzee?" Mzee, kwa adabu aliyolelewa nayo, anajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Anaulizwa, "Unasumbuliwa na nini hasa?" Anasema, "Ah, ni uzee tu, mwanangu." Alifundishwa jeshini kwamba askari halalamiki, na nyumbani kwamba mwanamume hahesabu maumivu yake mbele ya vijana. Daktari ana wagonjwa 40 nje ya mlango. Anaandika: mgonjwa hana malalamiko. Sentensi hiyo ikishaingia kwenye faili hukaa humo miaka yote, na kila atakayelifungua ataisoma.

Kwa hiyo tunawaomba watoto na wajukuu: kabla ya siku ya kipimo, kaeni na mzee jioni moja. Mwulizeni anaamka mara ngapi usiku, anatembea hadi wapi kabla ya kusimama, anashindwa kazi gani aliyokuwa akiiweza. Yaandikeni kwa ufupi, na ampe daktari. Mwelezeni kwamba salamu ni salamu, na swali la daktari ni swali. Aeleze siku mbaya ilivyo, si siku njema peke yake. Wala asiongeze.

Jambo la pili ni herufi tatu ambazo wengi mmeziona bila kuzijua: N, A, D. Wahudumu wa afya huziandika wakimaanisha kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Angalieni neno "iliyoonekana". Halisemi kwamba kasoro haipo. Linasema kwamba kwa kipimo kile, siku ile, haikuonekana. Mtu aliyepimwa tumbo na moyo akaandikiwa herufi hizo hajaambiwa lolote juu ya masikio yake. Basi tazameni kilichopimwa ni nini, na kama kile mnachodai hakikupimwa, ombeni kipimwe.

Tukae kidogo kwenye masikio, maana wazee wengi wa Kagera wanalia nayo. Ile mizinga ya roketi waliyoiita saba saba ilisikika mbali sana, na waliokuwa karibu nayo walipata mlio wake wote. Kipimo cha usikivu hutoa mchoro. Upande wa kushoto wa mchoro ni sauti nzito kama ya ngoma, upande wa kulia ni sauti nyembamba kama ya ndege. Alama za duara ni sikio la kulia, alama za msalaba ni la kushoto. Kadiri mstari unavyoshuka chini ndivyo usikivu ulivyopungua. Sikio lililoumizwa na kishindo huonyesha shimo karibu na hezi 4,000, kisha mstari hupanda tena kidogo kwenye hezi 8,000. Sikio la uzee halina shimo hilo; mstari wake huteremka tu mpaka mwisho, kama njia ya kushukia mbugani. Aliyepiga bunduki kwa bega la kulia mara nyingi huwa na sikio la kushoto lililoharibika zaidi, kwa kuwa ndilo lililoelekea mdomo wa bunduki. Daktari mzoefu huyatafuta hayo.

Taabu ni kwamba miaka inavyopita uzee hulifukia lile shimo, na mchoro wa mzee wa miaka 68 waweza usionyeshe tena vita viko wapi na uzee uko wapi. Ndiyo maana kipimo cha zamani, hata cha mwaka 1985 kilichochakaa, kina thamani kuliko kipya. Tena daktari atauliza kama mzee aliwahi kuugua kifua kikuu na kuchomwa sindano za streptomaisini, maana dawa hiyo huweza kuua usikivu moja kwa moja. Mzee asifiche. Akificha, na faili la kifua kikuu likaonekana, hata ukweli wake mwingine hautaaminika.

Juu ya eksirei tutasema machache. Huonyesha kipande cha chuma kilichobaki mwilini na mfupa uliovunjika ukaunga. Haionyeshi maumivu, na haina tarehe ya vita. Picha ya goti yaweza kuwa safi huku mtu hawezi kuchuchumaa. Kwa hiyo ni lazima goti lipimwe kwa kukunjwa, kwa kifaa kinachofanana na protrekta ya wanafunzi. Goti zima hukunjika kiasi cha nyuzi 135. Kama karatasi inasema tu "goti lina maumivu" bila nyuzi hata moja, hicho si kipimo.

Na kuna majeraha yasiyo na picha kabisa. Mzee anayeruka kitandani radi ikipiga, asiyekaa ibadani ila karibu na mlango, anayewapigia kelele wajukuu kisha analia peke yake. Wengine husema ana mashetani. Ni ugonjwa wa akili unaowapata watu waliopita kwenye hofu kubwa. Una jina, una matibabu, na katika nchi nyingi unahesabiwa kama ulemavu wa vita. Shahidi wake mkubwa ni mke aliyelala naye miaka 40. Mama huyo aende naye hospitalini, aingie ndani, aulizwe.

Sasa asilimia. Hapa ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu watu hudhani asilimia ni kipimo cha mateso. Mtu akiandikiwa 15 anasema wamemdharau. Asilimia ni hesabu ya ofisi: jedwali linasema kiungo fulani kikipotea ni kiasi fulani cha mwili mzima. Marekani, askari wastaafu hupewa viwango kwa makumi, kutoka 0 hadi 100, na ile 0 ina maana yake: serikali imekubali kwamba ugonjwa umetokana na jeshi, ila haujafika mahali pa kulipwa. Mwenye 0 hiyo ugonjwa ukizidi anarudi na swali moja tu la kujibu, maana la chanzo limekwisha. Kwao pia 50 na 30 hazifanyi 80. Wanachukua 50 kwanza, kisha 30 ya ile nusu iliyobaki, inakuwa 65, nayo hupandishwa hadi 70. Tunalieleza hilo si kwa kuwa ndiyo kanuni yetu, ila mjue kwamba namba hizo hazijumlishwi kama mahindi sokoni.

Kwetu Tanzania askari wana taratibu zao za pensheni jeshini. Kwa walioajiriwa, na tunawafikiria vijana wetu waliopata kazi kwenye ujenzi wa reli ya SGR, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mchango wake hulipwa na mwajiri, haukatwi mshahara wa mfanyakazi. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Basi oneni jinsi kipimo cha goti kilichofanywa kwa haraka kinavyoweza kumwondoa mtu upande mmoja wa mstari huo na kumweka upande mwingine, maisha yake yote.

Juu ya chanzo, someni maneno ya daktari kwa makini. "Yaelekea zaidi umetokana na mlipuko" ni kauli nzito. "Huenda" na "inawezekana" ni kauli nyepesi, na ofisi nyingi huzihesabu kama hakusema kitu. Ikiwa daktari anaamini lile zito, aombwe kwa heshima aliandike pamoja na sababu zake. Kumwomba aandike asichokiamini ni jambo lingine. Wapo wanaotujia kutuomba "tupandishe kidogo". Hatupandishi. Anayepandishiwa leo anamfanya mzee wa kweli atiliwe shaka kesho.

Hapo tunataka kuwasemesha wenzetu wa kazi pia. Desturi ya kumpa mgonjwa bahasha iliyogundishwa, bila kumweleza kwa Kiswahili kilichomo, sisi hatuipendi. Tumesikia hoja kwamba akijua atabishana. Na abishane, kwani mwili ni wake. Dakika tano za kumsomea zinaweza kugundua kwamba mguu wa kushoto umeandikwa wa kulia, jambo ambalo likifika ofisini linachukua mwaka kurekebishwa. Tunajua wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu, sisi wenyewe tumo humo. Hata hivyo dakika tano zinapatikana.

Upande wetu huu wa nchi umejua gharama ya kukosa karatasi. Kwenye njia ya zamani ya misafara, kati ya pwani na Ujiji, Wanyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi mabegani, na hakuna aliyewahi kupimwa bega. Wengi walichukuliwa tena kuwa askari na wapagazi wa Wajerumani, mpaka Wabelgiji walipoitwaa Tabora mwezi Septemba 1916 na hata baada ya hapo. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo ya mshahara askari wale waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee kama 350 walifika Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti. Ofisa wa malipo akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani ashike silaha, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Ni hadithi nzuri. Ila leo hakuna ofisi itakayompa mzee wako ufagio.

Kwa hiyo mfuko mmoja wa plastiki, usiopenya maji wala mchwa, utundikwe mahali pamoja nyumbani. Humo viwekwe namba yake ya jeshi na cheti cha kumaliza utumishi, kadi zote za hospitali hata zilizochanika, michoro ya masikio, picha za eksirei, na majina ya wenzake wa kikosi walio hai wanaoweza kutoa ushahidi. Kabla ya kupeleka cho chote ofisini, toeni nakala, na bakini na ile ya asili kama hawakuidai. Jibu likija la kukataa, someni sababu iliyotajwa na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, kwa maana kusema "tumekataliwa" bila kujua kama kilichokataliwa ni kiasi au ni chanzo hakumsaidii mtu. Kama ni chanzo, tafuteni shahidi na kipimo cha zamani. Kama ni kiasi, mzee apimwe upya. Na asiyeweza kusoma mwenyewe aje na bahasha yake siku isiyo ya kliniki ya watoto, baada ya saa nane mchana, wakati foleni imepungua, aje na mtu mmoja wa nyumbani anayesikia vizuri.